Jiwe Langu Lilivyokaa Darasani Dakika Arobaini

Jiwe langu limewahi kusoma chuo kikuu.

Siyo utani. Lilikaa darasani dakika arobaini pamoja na watoto wa nchi kumi na moja, na mwalimu akawa analiita kwa jina. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita kule Walungu, Kongo. Jiwe limenipita.

Naandika haya kwa kina mama wenzangu, hasa wenye watoto wanaosoma kwa kompyuta. Mnaweza kunicheka, nimezoea. Hapa Kashojwa wananicheka tangu 2013. Lakini mkishamaliza kucheka, mambo ya watoto yaacheni kama mlivyoyakuta.

Mimi ni Mama Nzigire. Nauza ndagaa na unga wa muhogo hapa Kashojwa, mtaa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tulifika 2008, mimi na binti yangu Nzigire, wawili tu.

Aliyekaa Nakivale anajua foleni. Foleni ya maji, ya chakula, ya daktari, ya karatasi. Huwezi kusimama foleni nne kwa siku moja na bado upike. Kwa hiyo tuna jiwe.

Unaweka jiwe lako mahali pako, unaenda kwenye shughuli zako. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako analisukuma kwa mguu. Ukirudi, unaokota jiwe, unasimama. Hakuna anayekuuliza kitu.

Jiwe ni wewe.

Langu lilikuwa na doa la kutex nyekundu, rangi ya kucha. Kila mtu alilijua. Wapo waliolisalimia kabla ya kunisalimia mimi.

Jambo la pili: kufutwa. Siku ya kuhesabiwa, jina lako linaitwa, unaitika. Usipoitika, kwisha. Mwaka 2010 nilikosa siku moja kwa sababu ya homa, nikakaa miezi minne naomba jina langu lirudi. Tangu hapo nikisikia orodha yoyote inasomwa, hata ya harusi, naitika.

Wekeni hayo mawili kichwani. Jiwe, na kufutwa. Ndiyo akili yote niliyokuwa nayo.

Mwaka 2013 Nzigire alikuwa senior three, yaani kidato cha tatu. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikaleta masomo ya kwenye kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari. Bure, wiki nane. Hayakuwa ya walioshindwa darasani. Yalikuwa ya wale ambao darasa la kawaida haliwashibishi, na mwanangu alikuwa hashibi tangu akiwa mdogo, chakula na shule vyote.

Atakayepata alama sabini na zaidi, chuo kitamlipia senior five na six katika shule nzuri ya Mbarara.

Ndagaa wangu walikuwa na nguvu ya kumfikisha senior four. Tena kwa kuchechemea. Baada ya hapo, wakulima wa mahindi wa Ngarama walikuwa wanatafuta wafanyakazi.

Ndiyo maana sikulala vizuri kwa wiki tano.

Somo lenyewe lilikuwa jinsi ya kuuliza watu maswali na kuyasoma majibu yao. Nilicheka. Sisi huku tumeulizwa maswali na kila mwenye kalamu na koti la mifuko mingi.

"Hayo unasomea nini?" nikamwambia. "Kaa hapa nikufundishe namna ya kuyajibu."

"Mama, njo hiyo tunasoma. Kwa nini bantu banajibu vile mwenye kuuliza anapenda kusikia."

"Kwa sababu wana njaa."

Nzigire akanitazama, akafungua daftari, akaandika. Siku hiyo nilipima ndagaa kwa madaha, nikajiona profesa.

Masomo mengine alisoma muda wowote. Lakini kila Alhamisi saa kumi kulikuwa na kipindi cha wote pamoja, mwalimu wao anaonekana kwenye kioo anazungumza, nao wanaonekana. Nzigire alikuwa anaenda nyumba ya kompyuta ya Base Camp, penye ofisi za kambi. Msimamizi wake aliitwa Ignatius, Mnyankole wa Kaberebere, mtu wa kitambi cha heshima na funguo nyingi kiunoni.

Wiki ya tano, malaria ikamshika mtoto.

Alhamisi asubuhi nilimbeba mgongoni kama gunia mpaka kliniki. Wakamtundikia dripu. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imepasuka. Akafungua jicho moja, akaniambia, "Mama, usijali kwa kipindi."

Akalala.

Sasa ndugu zangu, mama anayeogopa ukimwambia usijali, umemwongezea. Mimi nilisikia neno moja tu. Kipindi. Leo. Saa kumi. Jina litaitwa, mtoto hayupo, atafutwa.

Saa tisa na nusu nikachukua sweta yake ya shule na jiwe langu, nikakimbia Base Camp. Sweta niliichukua kwa nini, sijui. Miguu ilikuwa imeshaamua.

"Nyabo, msichana yako iko wapi?" Ignatius akauliza. Nyabo kwao ni mama.

"Anakuja. Yuko nyuma yangu."

Huo ni uongo wa kwanza. Endeleeni kuhesabu.

"Basi mimi nafungua darasa yake. Yeye akuje haraka. Mimi naenda kuona jenereta."

Mashine ile Nzigire aliitumia kila siku, ilimkumbuka yenyewe. Darasa likafunguka. Nyuso kumi na sita ndogo ndogo, na moja kubwa ya mama mzungu mwenye nywele nyeupe na shali. Huyo ndiye Profesa.

Nilijua siwezi kukaa. Dripu ilikuwa karibu kwisha na nesi alishasema ikiisha nisipokuwepo, shauri yangu.

Kwanza nililiweka jiwe kwenye kiti. Halafu nikafikiri. Kiti mtu anaweza kukivuta. Kwenye foleni ya maji jiwe linakaa pale dumu lingekaa. Na kwenye kompyuta, dumu ni nini? Ni mikono.

Nikaliweka kwenye vibonye vya herufi. Taratibu, kwa heshima, doa la kutex likiangalia juu, Profesa alione.

Nikaondoka nikiwa nimeridhika kabisa.

Dakika arobaini baadaye, dripu ya pili imetundikwa, nilirudi mbio kusogeza jiwe. Foleni husogea, si ndiyo?

Nikakuta watoto wa nchi kumi na moja wanacheka mpaka wengine wameficha nyuso.

Pembeni ya kioo kulikuwa na mahali pao pa kuandikiana. Palikuwa pamejaa herufi moja. Lllllllllll. Mstari baada ya mstari. Jiwe lilikuwa limelalia herufi ile, na kila mara meza ikitikiswa na jirani anayechapa, linagusa na kibonye cha kutuma. Juu ya kila mstari, jina: Nzigire. Nzigire. Nzigire.

Hakuna mwanafunzi aliyeshiriki kama mwanangu siku ile.

Na Profesa alikuwa anaita. Kiingereza chake sikukielewa, lakini jina nilielewa.

Jina linaitwa. Mnajua mimi nikisikia jina linaitwa.

Nikavaa sweta. Sweta ya msichana mwembamba wa miaka kumi na sita, juu ya mimi niliyezaa na kubeba magunia. Mkono mmoja uliingia, wa pili ukagoma kwenye kiwiko. Nikakaa vile vile, mkono mmoja ndani mwingine nje, nikaangalia kioo.

"Prezenti, Madamu."

Kicheko kikakatika.

Profesa akauliza kitu kirefu, kwa upole.

"Prezenti," nikasema, kwa sauti ya kitoto.

Akauliza tena.

"Prezenti mingi."

Ignatius akaingia. Akaniangalia, akaangalia sweta, akaangalia jiwe. Akanyoosha mkono, akazima kioo.

"Nyabo," akasema, "wewe nataka kuniua."

Jumatatu Nzigire akapata nguvu ya kutembea, akaenda Base Camp. Alirudi na karatasi mbili ambazo Ignatius alizichapa. Akakaa kwenye gunia la unga. Akazinyoosha juu ya goti, moja moja.

"Hii ya kwanza," akasema, "ni ya Jumatano. Asubuhi ile nilisikia baridi, nikapita Base Camp nikamwandikia Profesa niko mgonjwa. Akajibu, pona kwanza, kipindi kitahifadhiwa, utakiangalia ukiwa na nguvu. Fasi yako haiende popote."

Haiende popote.

"Na hii ya pili ni ya Ijumaa. Banasema kuna mutu alitumia jina yangu mu darasa. Banataka nijieleze Jumatano ijayo, niende na ule mutu. Kama nilimutuma, natolewa."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Mahali pa mtoto palikuwa salama kabisa. Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na mtu nyuma anayesukuma. Aliyekuja kumfuta ni mimi, na sweta mkono mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama. Nilisema usijali."

Nikaenda kwa jirani yangu Mukandoli kuomba shauri. Mukandoli ameulizwa maswali na ofisi nyingi kuliko mtu yeyote Kashojwa, na hajawahi kupoteza kitu.

"Ulijibu nini siku ile?" akaniuliza.

"Nilijibu prezenti."

"Basi umeshajibu. Usibadilishe. Mama Nzigire, nisikilize, ukibadilisha maneno umekwisha. Ulisema ni Nzigire, ni Nzigire."

"Mukandoli, wameniona uso."

Akafikiri, anamenya viazi. "Malaria inavimbisha uso. Sema ilimvimbisha."

"Mpaka umri ukaongezeka?"

"Homa kali," akasema, bila kucheka.

Mtaona jinsi nilivyochanganyikiwa: nilimshukuru.

Jumatano mtandao wa Base Camp ulikuwa umekufa kwa mvua, tukaenda Mbarara. Ignatius alitupatia jina la Kasim, mwenye duka la intaneti nyuma ya soko. Kasim ni mzee wa kanzu, mpole, pua kali.

"Mama, hiyo mfuko nanuka nini?"

"Ndagaa. Na jiwe."

"Jiwe ya nini?"

"Shahidi," Nzigire akasema. Yeye ndiye aliyesema nilibebe.

Kasim akatupatia meza yake nzuri, ile ya kioo. "Kamera iko hii tundu. Usiangalie mimi, mama. Mimi siko Profesa."

Profesa akatokea, na pembeni yake bwana mmoja wa tai ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Nzigire ndiye alikuwa mkalimani wetu. Hata hilo liliniuma, mtoto anatafsiri kesi yake mwenyewe.

"Mama, banauliza ule mutu wa Alhamisi alikuwa nani."

Nikakohoa. Nikanyoosha mgongo.

"Waambie ni wewe. Malaria ilikuvimbisha uso."

Nzigire akageuka kunitazama.

"Tafsiri," nikasema.

"Hapana."

"Nzigire, tafsiri."

"Mama, hii siitafsiri. Sema ingine."

Kasim, ambaye alikuwa anafuta vumbi kwenye mashine, akasimamisha kitambaa. Kwenye kioo Profesa anangoja, bwana wa tai anangoja na kalamu.

Chini ya meza mwanangu alikuwa ameshika upindo wa kitenge changu. Aliogopa kuliko mimi. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa mbele yake kwenye kile kioo, na uongo ulikuwa umeshaiva, kazi yake kuugeuza Kiingereza tu. Hakuugeuza.

"Mama," akasema polepole, "bakiniuliza mimi, nitasema kweli. Afazali utangulie wewe."

Nikatoa jiwe kwenye mfuko, nikaliweka mezani.

"Taratibu na kioo yangu," Kasim akanong'ona.

Nikasema yote. Foleni, kutex, kufutwa 2010, dripu, sweta. Nilisema ni mimi, mtoto hakujua, alikuwa amelala na sindano mkononi. Nzigire akatafsiri kila neno. Alipofika kwenye mkono mmoja wa sweta, sauti ikamponyoka, akacheka, Profesa naye akacheka, na bwana wa tai akainama kwenye karatasi yake mabega yakitikisika.

Halafu Profesa akaanza kuuliza kuhusu jiwe. Maswali mengi.

"Anauliza, bantu babili habagombanie jiwe?"

"Hapana. Jiwe la mtu linajulikana."

"Anauliza, linashika fasi kwa muda gani?"

"Mpaka foleni iishe."

"Na kama mwenyewe harudi?"

Hapo nililigusa jiwe. "Aliye nyuma analibeba, anampelekea nyumbani. Mimi nimepeleka mawe nikakuta nyumba tupu, watu walishaondoka. Yapo bado uani kwangu. Mtu hatupi jiwe la mtu."

Nzigire alikuwa hajui hilo. Alinitazama kabla ya kutafsiri.

Profesa hakucheka tena. Alinishukuru. Alisema hajawahi kujifunza kitu kama hicho kwa mtu yeyote. Nikapumua. Nikajua tumepona.

Halafu bwana wa tai akasoma karatasi.

Nzigire hatolewi. Lakini mtu mwingine amekaa kwa jina lake, na sheria ni sheria. Wiki ile ilikuwa na alama tano, na zote anapewa sifuri.

Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukupenda na kukukata saa ile ile. Huku kwetu anayekukata hakupendi, unamchukia, unalala. Wale, hata chuki ya kuwachukia niliikosa.

Wiki nane zikaisha. Nzigire alipata sitini na saba.

Hesabuni wenyewe. Mimi nilihesabu kila siku mwaka mzima.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, maana kujitetea naweza. Alikunja ile karatasi, akaiweka kwenye sanduku, akaniuliza leo tunapika nini.

Kashojwa yote ikajua. Nikaitwa Mama Prezenti. Watu wanakuja kununua ndagaa, wanauliza, "Jiwe limefika mwaka wa ngapi?" Mukandoli naye akasema kosa langu ni kubadilisha maneno.

Mwaka uliofuata walipokea tena wanafunzi, na aliyekuwa senior four aliruhusiwa kurudia. Nzigire akajiandikisha. Ignatius akachora mstari wa chokaa mlangoni, akaniambia, "Nyabo, mwisho yako iko hapa." Wiki nane nzima sikuuvuka. Wiki ya pili jina liliitwa na mwanangu alichelewa kidogo. Nilikuwa nje dirishani. Niliuma kitenge changu mpaka kikatoboka, lakini sikuitika.

Alipata sabini na tisa.

Mwaka huu, 2015, yuko senior five Mbarara. Mwezi wa saba ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Nilitoka Kashojwa alfajiri, gari likapata pancha Kaberebere, nikafika ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wazazi wamevaa magauni na suti. Mimi na kitenge, na mfuko unaonuka.

Mwalimu mmoja mlangoni, Kyomuhendo, akaniambia kwa huruma, "Mzazi, viti imekwisha. Simama huku nyuma."

Nikasimama. Nimesimama maisha yangu yote, saa mbili zingine si kitu.

Halafu nikaona kiti kimoja kitupu, mstari wa pili. Watu wamesimama na hakuna anayekikalia. Nikasogea.

Pembeni yake alikaa mama mnene, mke wa mwanajeshi wa kambi ya pale Mbarara, mtoto wake Gorret analala chumba kimoja na Nzigire.

"Wewe ndiye mama ya Nzigire?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi keti. Nimechoka kulinda hii kitu. Mimi nilitaka kuitupa, msichana yako alisema, mama ya Gorret, hiyo si jiwe, hiyo ni mama yangu."

Juu ya kiti kulikuwa na jiwe. Dogo, limeoshwa. Lina doa jekundu la wino wa kalamu, kwa sababu shuleni kutex ni marufuku.

Nililichukua. Nikakaa. Jukwaani wakaanza kusoma majina ya wanafunzi waliofanya vizuri, na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

Nikakifunga.

Likaitwa jina la Nzigire. Akaitika mwenyewe.

Kina mama, mahali pa mtoto pashikwe na mtoto. Akikwambia usijali, muulize kwa nini, usikimbie na sweta. Mimi sikuuliza, na mwanangu akarudia wiki nane kwa ajili yangu. Wewe nenda zako, pima ndagaa wako. Siku utakayochelewa, utakuta amekuwekea jiwe.